Somo: Kudhibiti Matumizi Huku Ukijiwekea Akiba ya Nyumba (Tafadhali Someni Hatua ya 4 Kabla ya Kuuliza)

Ninaandika somo hili kwa sababu swali moja limekuwa likinijia kwa sura mbalimbali: "Mapato yangu si haba, siishi maisha ya anasa, mbona akiba ya nyumba haisogei?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo jibu lote nimeliweka hapa. Anayetaka kujua anunue nyumba gani au akope wapi hatapata msaada katika maelezo haya, kwani yanahusu fedha zinavyotoka mfukoni mwako kabla hujafika kwa muuzaji. Tarakimu nimeziandika bila kutaja sarafu, maana hesabu ni ile ile popote ulipo.

Hatua ya 1. Kusanya taarifa za miezi 12. Chukua taarifa za benki, za kadi na za simu. Mwezi mmoja hautoshi, wala mitatu haitoshi. Sababu utaiona katika hatua ya 4.

Hatua ya 2. Gawa matumizi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mambo ya lazima yanayolipwa kila mwezi, la pili ni la mambo ya hiari, na la tatu ni la mambo ambayo hayaji kila mwezi. Msitengeneze mafungu ishirini, kwa sababu mwenye mafungu ishirini huacha kuandika kabla mwezi haujaisha.

Hatua ya 3. Shughulikia madeni ya riba kubwa. Deni linalotozwa asilimia 3 kwa mwezi huonekana dogo, lakini 100,000 isiyoguswa hufika karibu 142,600 baada ya miezi 12, na hakuna akaunti ya akiba itakayokulipa faida ya kiwango hicho. Tenga kwanza akiba ndogo ya dharura inayotosha fungu la kwanza kwa mwezi mmoja, kisha lipa madeni ukianza na lenye riba kubwa zaidi, na yakiisha uikuze akiba ya dharura hadi itosheleze miezi mitatu mpaka sita.

Hatua ya 4. Yape matumizi yasiyo ya kila mwezi akaunti yake. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, tena wakiwa na nidhamu kamili. Watu huhesabu mapato, huondoa matumizi ya mwezi wa kawaida, kisha hutangaza kwamba kinachobaki ni akiba ya nyumba. Halafu inakuja bima ya mwaka, ada ya shule, matengenezo ya gari, harusi ya ndugu, meno yanayohitaji kuzibwa, leseni inayokwisha muda, na simu iliyokuwa imechoka tangu mwaka jana. Kila mara akiba ya nyumba inaguswa, na kila mara mhusika anasema ilikuwa dharura. Dharura ni jambo usiloweza kulitazamia. Bima ambayo tarehe yake imeandikwa kwenye cheti chake haimo humo, na jino lililoanza kuuma miezi sita iliyopita pia halimo.

Tuchukue mfano. Mtu anapata 60,000 kwa mwezi na kila mwezi anapeleka 12,000 kwenye akiba ya nyumba, hivyo anaamini kwamba kwa mwaka atakuwa ameweka 144,000. Taarifa zake za miezi 12 zinaonyesha kwamba fungu la tatu lilikula 96,000. Akiba yake halisi kwa mwaka ni 48,000, yaani thuluthi moja ya ile anayoiamini, na ndiyo sababu nyumba aliyoipangia miaka mitano inamchukua kumi na tano. Mtu huyu hana ubadhirifu wowote, na ukimwambia apunguze starehe utakuwa umemwonea.

Tiba yake ni kuorodhesha kila kitu cha fungu la tatu pamoja na kiasi na tarehe yake, kisha kupeleka fedha za mambo hayo kila mwezi kwenye akaunti iliyo mbali na akiba ya nyumba. Zingatieni tahadhari zifuatazo, kwa sababu hatua hii ikifanywa nusu haina faida.

Kwanza, mwaka wa mwanzo usigawe kila kitu kwa 12. Bima ya 24,000 inayodaiwa baada ya miezi minne inahitaji 6,000 kwa mwezi, si 2,000. Aliyetenga 2,000 atafika siku hiyo akiwa na 8,000, atachota 16,000 kutoka akiba ya nyumba, na atahitimisha kwamba utaratibu huu haufanyi kazi. Gawa kila kiasi kwa miezi iliyobaki kabla ya tarehe yake. Iwapo jumla inakushinda, punguza mchango wa nyumba kwa miezi hiyo ya mwanzo badala ya kujifanya unaweza yote. Tarehe ya kwanza ikishapita ndipo unapogawa kwa 12.

Pili, vitu visivyo na tarehe, kama vile vifaa vinavyoharibika, vikadirie kwa kujumlisha matumizi ya miezi 24 iliyopita ikiwa taarifa unazo, kisha ugawe kwa 24. Kifaa hiki au kile huwezi kujua kitaharibika lini, lakini kwamba kuna kitakachoharibika unajua.

Tatu, akaunti hii itakuwa na salio nono kabla ya tarehe kubwa, nalo litakushawishi. Salio hilo si ziada. Ni fedha ambazo zimekwisha kutumika isipokuwa siku yake haijafika.

Hatua ya 5. Weka agizo la kudumu benki, yaani maelekezo ya kuihamisha fedha yenyewe kila mwezi bila wewe kuigusa. Fedha za nyumba na za fungu la tatu zihame siku ile ile mapato yanapoingia. Akaunti ya nyumba isiwe na kadi.

Hatua ya 6. Andika lengo lenye tarakimu. Lengo si bei ya nyumba, bali ni malipo ya awali pamoja na gharama za ununuzi: wakili, uthamini, kodi ya kuhamisha umiliki, bima, kuhama, na marekebisho ya mwanzo. Viwango hutofautiana, kwa hiyo uliza mapema na uviandike. Ili uone kwa nini malipo ya awali yana uzito, fikiria mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa juu ya deni lililobaki. Kila 100,000 unayokopa hulipwa kwa takriban 1,101 kila mwezi, ambayo kwa miezi 240 hufika kama 264,000. Kwa masharti hayo, kila 100,000 unayokwenda nayo mkononi inakuepusha na marejesho ya 264,000.

Hatua ya 7. Kagua mara moja kwa mwezi. Nusu saa inatosha. Mapato yakiongezeka, badilisha agizo la kudumu kabla hujayazoea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo. Sasa mimi niweke kiasi gani kwa mwezi?

Jibu: Hatua ya 4 na ya 6. Hukutaja mapato, matumizi wala bei ya nyumba unayoitaka, hivyo tarakimu yoyote nitakayokupa itakuwa ya kubuni.

Swali: Mimi ni fundi wa kujitegemea. Kuna miezi ninayopata mara tatu ya mwezi mwingine, na agizo la kudumu likipita katika mwezi mbaya linaniacha mikono mitupu. Je, hatua ya 5 naweza kuifuataje?

Jibu: Ndugu yangu, swali hili nilipaswa kulitengea hatua yake. Fungua akaunti ya kupokelea ambayo mapato yote huingia na ambayo hutumii moja kwa moja. Angalia miezi 12 iliyopita, tafuta mwezi uliopata kidogo kuliko yote, kisha ujilipe mshahara wa kiasi hicho kila mwezi siku ile ile. Agizo la kudumu liende na mshahara huo, wala si na malipo ya mteja. Ikiwa mwezi huo mbaya haufikii hata fungu la kwanza, chukua wastani wa miezi mitatu mibaya zaidi, lakini usianze kujilipa mpaka akaunti ya kupokelea iwe na mshahara wa miezi miwili. Kodi ya mapato na gharama za kazi zitoe kabla ya kuhesabu chochote, maana fedha za kununulia vifaa vya mteja si mapato yako. Salio likizidi mishahara ya miezi minne, ziada ipeleke kwenye nyumba mara moja kwa robo mwaka.

Swali: Haya ni mambo ya wenye nacho. Sisi wengine mwezi unaisha na hakuna kilichobaki.

Jibu: Sikusema mahali popote kwamba kila mtu ana cha kubakiza. Ikiwa fungu la kwanza peke yake linamaliza mapato, bajeti haitaumba fedha, na nisingependa mtu yeyote ajilaumu kwa hilo. Hata hivyo, fanya hatua ya 1 na ya 2 kabla ya kuhukumu, kwa sababu zitakuonyesha fedha zinakwama wapi. Mara nyingi ni katika pango, usafiri au marejesho ya mikopo, na kimoja kati ya hivyo kikipungua, nafuu yake inarudi kila mwezi bila wewe kuhitaji nidhamu mpya.

Swali: Katika hatua ya 6 umeonyesha faida ya malipo makubwa ya awali. Je, bei za nyumba zikipanda wakati mimi ninaendelea kuweka, si nitakuwa ninakimbiza kitu kinachonizidi mbio?

Jibu: Swali zuri, nalo lina hesabu yake. Tuseme nyumba ni 1,000,000, una 100,000, na kwa mwaka unaweza kuweka 48,000. Ukinunua leo utakopa 900,000. Ukisubiri mwaka mmoja na bei ikapanda kwa asilimia 6, nyumba itakuwa 1,060,000, wewe utakuwa na 148,000, na utakopa 912,000. Kusubiri kumeongeza deni kwa 12,000. Bei ikipanda kwa asilimia 3 tu, nyumba itakuwa 1,030,000 na mkopo 882,000. Hapo kusubiri kumekusaidia. Unachopaswa kulinganisha ni ongezeko la bei kwa mwaka na akiba yako halisi ya mwaka, ile iliyopita kwenye chujio la hatua ya 4. Usisahau upande wa pili: kabla ya kununua unalipa pango, na baada ya kununua unalipa riba, kodi ya jengo na matengenezo. Chunguza pia masharti ya mkopeshaji, kwani baadhi yao hutoza bima ya ziada au riba ya juu kwa wenye malipo madogo ya awali. Mimi nisingemshauri mtu aharakishe ununuzi kwa hofu ya bei huku akiba yake ya dharura ikiwa tupu, hata kama hesabu ya kwanza inampendelea.

Swali: Sijasoma yote, ila je, fedha za nyumba naweza kuziweka kwenye hisa zikue haraka?

Jibu: Soma yote. Kuhusu hisa: kama unakusudia kununua ndani ya miaka mitatu, hapana. Bei zinaweza kushuka sana mwaka ule ule unaozihitaji, na muuzaji wa nyumba hatakusubiri zipande tena.

Swali: Mwenzangu hapendi kabisa kuhesabu, na kila nikimuuliza fedha zimeenda wapi tunagombana. Hatua ya 7 tunaifanyaje?

Jibu: Dada yangu, acha kumuuliza. Kubalianeni kiasi ambacho kila mmoja atapewa kila mwezi atumie apendavyo bila kutoa maelezo, kiwe sawa kwenu wote wawili hata kama mapato yenu hayalingani. Baada ya hapo mnakagua akaunti za pamoja peke yake. Kinachowachosha wengi wasiopenda hesabu ni kuhojiwa, na hilo likiondoka huenda ukamwona yeye ndiye anayeulizia salio la nyumba.

Mchango wa mwanachama: Mimi niliondoa taarifa za kadi zilizohifadhiwa katika maduka yote ya mtandaoni. Kuinuka kuitafuta kadi kumeniondolea manunuzi mengi.

Jibu: Ongezeni hilo kwenye hatua ya 5. Zimeni pia ujumbe wa matangazo ya punguzo, kwa sababu punguzo la kitu ambacho hukukipanga ni matumizi mapya.

Swali: Nimepata mkopo wa mwaka mmoja wa riba ya asilimia 10 tu. Nina deni la zamani la asilimia 15. Si afadhali nichukue huu nilipie lile?

Jibu: Uliza kwanza asilimia 10 hiyo inakokotolewa juu ya nini. Ikiwa ni juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, basi kwa mkopo wa 120,000 utaongezewa 12,000 na kulipa 11,000 kila mwezi. Wewe unapunguza deni mwezi hadi mwezi, ilhali riba inaendelea kutozwa kana kwamba hujalipa hata senti. Ukiigeuza iwe riba ya deni linalobaki, ni karibu asilimia 18 kwa mwaka, yaani ghali kuliko deni lako la zamani ikiwa lile la asilimia 15 hutozwa juu ya salio. Omba ratiba ya marejesho kwa maandishi, yenye jumla ya fedha zote utakazolipa, ada za maombi na bima zikiwemo, kisha ilinganishe na jumla iliyobaki katika deni la sasa. Ukiipata, iweke hapa bila majina na bila namba za akaunti, tuikokotoe pamoja.