Somo: Kupata mbio kwenye gitaa la besi bila kugeuza mkono kuwa jiwe

Jumapili ya kwanza niliyopewa besi kanisani, huku Katuba, mjini Lubumbashi, nyimbo za kuabudu zilipita vizuri. Kisha mpiga gitaa la solo akafungua seben, ile sehemu ya mbio ya kuchezesha watu, mpiga ngoma akaongeza mwendo, na kabla dakika tatu hazijaisha mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa. Vidole vilikataa kufunguka. Nikabaki nagonga uzi wa noti ya mi mtupu, yaani bila kuubonyeza, na wimbo uko katika fa. Mama mmoja wa kwaya aligeuka akanitazama kama mtu aliyekanyagwa.

Kosa langu lilikuwa moja: nilidhani mbio ni nguvu. Nilibana shingo ya gitaa kama mtu anayekamua nguo. Haya nitakayoandika ndiyo niliyojifunza baada ya aibu ile, na ninawafundisha vijana wanaokuja nyumbani jioni.

Tuelewane maneno kwanza. Nyuzi nne, kutoka mnene: mi, la, re, sol. Nafasi iliyo kati ya chuma na chuma shingoni naiita chumba. Nikisema chumba cha 5, kidole kikae kati ya chuma cha 4 na cha 5, karibu kabisa na cha 5 bila kukikalia. Ukikaa mbali nacho, utalazimika kubonyeza zaidi ili sauti ile ile itoke.

Hatua ya 1: Pima nguvu yako

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mkanda begani hata kama umekaa, ili gitaa likae pale pale litakapokuwa ukisimama. Vijana wanapenda kulishusha mpaka magotini. Linapendeza kwenye picha, lakini kifundo cha mkono kinapinda vibaya na vidole vinapoteza mbio zote.

Sasa weka kidole kwenye uzi wa re, chumba cha 5, bila kubonyeza. Piga. Utasikia "tup". Endelea kupiga huku ukiongeza nguvu kidogo kidogo, mpaka sauti itoke safi. Simama hapo hapo. Nguvu unayohitaji ni hiyo tu, na karibu kila mwanafunzi anacheka akigundua alikuwa anatumia mara mbili au tatu yake. Kisha ondoa gumba nyuma ya shingo, piga tena noti ile ile. Kama inatoka, gumba lako lilikuwa linabana bure.

Hatua ya 2: Mkono wa kulia

Egemeza gumba juu ya mikro ya gitaa, kile kipande chini ya nyuzi kinachonasa sauti, au juu ya uzi wa mi ukipiga nyuzi nyembamba. Piga uzi kwa kidole cha kuonyesha, kisha cha kati, kwa zamu, kama mtu anayetembea. Kidole kikishapita uzi, kitue juu ya uzi unaofuata, ule mnene zaidi. Kituo hicho kinazuia kidole kisiruke mbali, na papo hapo kinauzima uzi kinapotua.

Weka metronomu, ile programu ya simu inayogonga mapigo, kwenye 60, yaani mapigo 60 kwa dakika. Noti mbili kwa kila pigo, uzi wa la mtupu, dakika mbili. Baadaye noti nne kwa pigo, yaani noti nne kila sekunde. Ukifika 100 kwa mtindo huo unapiga karibu noti saba kwa sekunde, na hapo seben haitakutisha tena. Huna simu? Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde ni metronomu ya 60, na haiombi megabaiti.

Sikiliza kama vidole viwili vinatoa sauti sawa. Kwa wengi kidole cha kati kinanguruma na cha kuonyesha kinanong'ona. Usiongeze mwendo kabla havijalingana.

Hatua ya 3: Mkono wa kushoto

Wengi wanaanzia chumba cha 1 kwa sababu ndicho cha kwanza. Ni kujitesa. Kwenye besi ya kawaida, ambayo uzi wake una urefu wa sentimita 86 hivi, chumba cha 1 kina upana wa karibu sentimita 5. Cha 5 hakifiki 4. Anza juu: kidole cha kuonyesha chumba cha 5, cha kati 6, cha pete 7, kidogo 8. Panda hivyo kwenye kila uzi, kisha ushuke.

Kidole kikishabonyeza, usikiondoe mpaka uzi ule umalizike. Vingine vikisubiri zamu, visipande zaidi ya sentimita moja juu ya nyuzi. Jirekodi kwa simu na utazame kidole kidogo: kwa wanaoanza kinasimama juu kama mkia wa mbuzi. Kila safari ya kwenda juu na kurudi ni muda unaoutupa.

Ukirudi chini, chumba cha 1 mpaka cha 3, acha kulazimisha kila kidole na chumba chake. Tumia cha kuonyesha, cha kati na kidogo, huku cha pete kikimsaidia mdogo wake. Wapigaji wa kontrabasi, ile besi kubwa ya kusimama, hufanya hivyo, na shingo yao ni ndefu kuliko yetu.

Hatua ya 4: Kupandisha

Zoezi likitoka safi mara tatu mfululizo, ongeza 4 kwenye metronomu. Likiharibika, rudi nyuma 8. Inaumiza roho, najua. Siku ukikwama kwenye namba moja wiki nzima, fanya hivi: piga kipimo kimoja, yaani mapigo manne, polepole, kinachofuata kwa mwendo mara mbili, kisha rudi polepole. Mkono unaonja mbio kwa sekunde chache na kupumzika kabla haujakaza. Dakika kumi na tano kila siku zinatosha. Kuchoka ni kawaida, lakini maumivu makali au ganzi vidoleni ni amri ya kuweka gitaa chini.

Hatua ya 5: Seben

Hapa ndipo nataka mkae nami. Wengi wanasikia besi ya seben na kufikiri mpigaji anajaza kila nafasi. Sikiliza tena. Besi inaruka kwa sababu ya mashimo: noti fupi, kimya, noti mbili, kimya. Ukizima uzi mapema, watu wanahisi mbio hata kama umepiga noti chache.

Wapigaji wengi wa Kongo wanatumia gumba na kidole cha kuonyesha. Kwetu Katanga mkono huo ni wa zamani: Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alipiga gitaa lake kwa vidole hivyo viwili, gumba likishughulika na nyuzi nene.

Chukua mzunguko wa do, fa, sol, fa. Do iko uzi wa la, chumba cha 3. Ndugu yake wa juu, yaani do ya sauti nyembamba zaidi, yuko uzi wa sol, chumba cha 5. Fa: uzi wa mi, chumba cha 1, na wa re, chumba cha 3. Sol: mi chumba cha 3, re chumba cha 5. Umbo ni lile lile, unalihamisha tu. Hesabu kwa mdomo "moja na mbili na tatu na nne na". Gumba lipige noti ya chini kwenye "moja", kidole cha kuonyesha kivute ya juu kwenye "na" ya baada ya mbili, gumba tena kwenye "nne". Kwingine kote kimya kabisa. Kuzima, legeza kidole cha kushoto bila kukitoa kwenye uzi. Anza na 70. Ikikukaa, mwite rafiki apige makofi juu yake, uone kama hutayumba.

Maswali niliyoulizwa

*Kijana wa Kamalondo:* Yaya, umeme inakatikaka kila jioni kwetu. Bila ampli siisikie kitu. Nifanye namna gani?

Egemeza pembe ya gitaa kwenye kabati au mlango wa mbao, mbao itakuimbia. Lakini angalia: bila ampli mkono wa kulia unaanza kupiga kwa hasira, na umeme ukirudi utakuwa umejifunza ubaya. Usiku kama huo fanyia kazi mkono wa kushoto.

*Binti wa kwaya, Ruashi:* Miye niko na bidole bifupi. Wananiambia besi ni ya wanaume.

Dada, waambie wasogee wakupishe. Tumia vidole vitatu kama nilivyosema kwenye hatua ya 3, hata mpaka chumba cha 5, na uhamishe mkono mzima badala ya kuutanua. Gumba liteleze nyuma ya shingo pamoja nao.

*Mzee wa orkestra:* Mwalimu, zamani sisi tulipiga na kidole kimoja na watu walicheza. Hii zamu ya vidole viwili ni lazima?

Heshima yako, baba. Si lazima. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki kule Detroit, Marekani, alitumia kidole cha kuonyesha peke yake. Kwa anayeanza, viwili vinagawana uchovu, ndiyo sababu naanzia hapo.

*Mgeni kutoka Kipushi:* Nyuzi zangu zimekufa, zinasikika kama kamba ya nguo, na sina pesa ya mpya.

Zitoe zote, uzichemshe kwenye maji dakika kumi, uzikaushe vizuri kabla ya kuzirudisha. Jasho na mafuta vitatoka na sauti itang'aa tena kwa siku kadhaa. Usitumie sufuria ya mama bila ruhusa. Mimi nilifukuzwa jikoni mwezi mzima.

*Kijana wa Kamalondo tena:* Na kama nyuzi ziko juu sana, mbali na shingo?

Kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia, kila uzi una skrubu zake ndogo. Zishushe robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukijaribu kila chumba, na uzi ukianza kukwaruza rudisha kidogo. Ile chuma ya ndani ya shingo usiiguse. Lete gitaa Jumamosi tuitazame pamoja.