Somo: Kutoa injini ya 2.4 na kufunga V6 ya 3.5 kwenye RAV4

RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka mwishoni mwa 2005, ikiwa na injini ya lita 2.4 (2AZ-FE) haina shida mjini. Ijaze familia na mizigo, ipeleke mlimani, ndipo utaiona inavyohema. Bahati nzuri Toyota wenyewe walifunga V6 (injini ya silinda sita) ya lita 3.5 (2GR-FE) kwenye bodi hiyohiyo. Kwa toleo la Marekani la 2006, nguvu zilipanda kutoka farasi 166 hadi 269. Kwa hiyo mauntingi (vishikizo vya injini), ekseli na ekzosi vya kuingia humo bila kukata wala kuchomelea vipo tayari. Hiyo ndiyo sababu naisimamia injini hii, na simshauri mtu mwenye watoto garini afunge injini kubwa yoyote iliyotokea mbele yake.

1. Nunua seti, usinunue injini peke yake

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa. Injini tupu ni rahisi kuipata, lakini vitu vinavyoizunguka ndivyo vitakavyokumaliza. Tafuta gari moja la V6 lililogongwa nyuma, uchukue vyote kutoka humo: injini, giaboksi, kompyuta ya injini, wayaringi yote ya mbele, krosimemba (fremu ya chini inayobeba injini), mauntingi, ekseli, rejeta na feni zake, ekzosi pamoja na katalisti, na mabomba ya AC. Chukua na ufunguo wa gari hilo pamoja na kifaa chake cha imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia gari kuwaka bila ufunguo wake). Watu huusahau ufunguo, halafu wiki nzima wanatafuta kwa nini gari haliwaki.

Kama gari lako linavuta magurudumu yote manne, chukua pia propela na difu ya nyuma. Uwiano wa meno ya mbele na nyuma usipolingana, mfumo unapigana wenyewe kwa wenyewe hadi unaungua.

2. Ihudumie ikiwa bado chini

V6 hii imelala kwa upana. Plagi tatu za nyuma zimeuelekea ukuta wa kabini, na injini ikishaingia huzifikii bila kufungua manifodi ya hewa. Badilisha plagi zote sita sasa hivi. Angalia pampu ya maji kama ina alama za kuvuja, weka sili mpya ya nyuma ya krankshafti, na uikague hosi ya oili ya VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa valvu). Injini za miaka ya mwanzo zina kipande cha mpira katikati ya bomba hilo. Kikipasuka, oili inamwagika kwa kasi na injini inaweza kukwama barabarani. Lipo bomba la chuma tupu la kuweka mahali pake, na kwangu mimi hili halina mjadala.

3. Kutoa ya zamani

Gesi ya AC itolewe kwa mashine, isiachiwe hewani. Punguza presha ya petroli kwa kutoa fyuzi ya pampu na kuliacha gari liungurume mpaka lizime, ndipo uchomoe betri. Piga picha kila soketi kabla ya kuichomoa. Injini inashuka chini pamoja na giaboksi na krosimemba, kwa hiyo bodi inyanyuliwe kwa lifti. Jeki peke yake isitumike kabisa, kuna mtu chini ya chuma hicho.

4. Kufunga na kuwasha

Bolti za mauntingi zishike kwa mkono kwanza zote, injini ikae mahali pake, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo. Jaza oili na maji, toa hewa kwenye mfumo wa kupoza. Kabla ya kuwasha, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi uwashe; injini ikiwaka, iache iungurume polepole bila kuipandisha, ukitazama chini kama kuna tone lolote.

5. Breki na springi

V6 ni nzito zaidi mbele. Springi, shokamzoba na breki za mbele zifuate za toleo la V6, kisha gari lipimwe alaimenti. Usiliendeshe kwa kasi kabla ya hatua hii.

Maswali ya wanachama

*Fundi, giaboksi yangu ya 2.4 bado nzima. Siwezi kuibakiza?*

Hapana, ndugu yangu. Nguvu ya mzunguko inapanda kutoka Nm 224 hadi 333. Kama yako ni CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) ndiyo kabisa, haitadumu. V6 ilitoka na giaboksi yake ya spidi tano, tumia hiyo.

*Nimemaliza kila kitu. Inawaka, halafu inazima baada ya sekunde mbili.*

Anza na imobilaiza. Kompyuta mpya haiutambui ufunguo wako. Rudisha ufunguo na kifaa cha gari lile, au mpate fundi wa umeme asajili ufunguo upya. Usianze kufungua injini.

*Si bora niuze hili ninunue lenye V6?*

Kama linapatikana na bodi ni nzuri, ndiyo, mara nyingi ni nafuu. Kazi hii inamfaa mwenye bodi safi na injini iliyokufa.

*Kaka, mimi ndiye ninayebeba watoto kila siku. Lini naweza kusafiri nalo mbali?*

Dada, kwanza namba mpya ya injini iingizwe kwenye kadi ya gari na bima ijulishwe. Kisha litembeze safari fupi fupi kwa wiki kadhaa. Kila asubuhi injini ikiwa baridi pima maji na oili. Baada ya hapo lirudi kwa fundi akague mkazo wa bolti za mauntingi, ekseli na ekzosi, na asome kompyuta kama kuna kodi ya hitilafu iliyojificha. Maji yakiwa hayapungui na kodi hakuna, safiri.