Kumtilia mgonjwa dawa ya matone: macho na masikio

Soma lebo kwanza. Chupa za matone ya macho na ya masikio hufanana sana, na dawa ya sikio ikiingia jichoni huunguza. Hakikisha pia ni upande upi: kulia, kushoto au kote.

Nawa mikono. Mgonjwa ainamishe kichwa nyuma, atazame juu. Vuta kope la chini, dondosha tone 1 kwenye kifuko kinachojitokeza, si juu ya mboni. Ncha ya chupa isiguse kope wala kucha. Ikigusa, vijidudu huingia ndani. Kisha bonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika 1 hadi 2. Hatua hii hurukwa mno, lakini bila hiyo timololi (dawa ya matone ya kupunguza presha ya jicho) hupitia puani hadi kwenye damu na inaweza kupunguza mapigo ya moyo au kuamsha pumu. Kati ya dawa mbili subiri dakika 5. Marhamu iwe ya mwisho.

Matone ya sikio yapashe moto kiganjani, maana ya baridi huleta kizunguzungu. Mtu mzima vuta sikio juu na nyuma. Mtoto chini ya miaka 3, chini na nyuma. Alale ubavu dakika 5.