Death of a Salesman: anza na chaki sakafuni

Walimu wenzangu mnaofundisha Death of a Salesman, tanzia ya Arthur Miller iliyopanda jukwaani New York mwaka 1949: kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, choreni nyumba ya Willy Loman, mchuuzi ambaye ndiye mhusika mkuu, sakafuni kwa chaki. Jiko, vyumba vya kulala, mlango, na nafasi wazi mbele.

Wanafunzi wengi hupotea kwa sababu Willy anahama kutoka leo kwenda miaka ya nyuma ghafla. Lakini Miller ameacha alama kwenye maelekezo ya jukwaa. Katika matukio ya sasa, waigizaji huheshimu kuta za kufikirika na huingia kwa mlango tu. Yakija ya zamani, wanapita ukutani kana kwamba haupo. Basi msomaji asimame ndani ya mchoro; akikanyaga mstari, darasa zima linajua tumerudi nyuma.

Msiharakishe pale Willy anapocheza karata na jirani yake Charley, huku Ben, kaka yake aliyekwisha kufa, akitokea. Wasome wanafunzi watatu kwa sauti. Charley hamwoni Ben, ila anasikia majibu ya Willy yasiyomhusu, na anachanganyikiwa. Kwangu mimi, hakuna maelezo ya ubaoni yanayoonyesha vizuri hivyo jinsi akili ya mzee huyu wa miaka 63 inavyoelemewa.

Halafu wafuatilie soksi: Linda, mke wa Willy, anashona zake zilizochakaa, ilhali zile mpya Willy alimpa hawara yake wa Boston.