Namna ya kusoma lebo ya vyakula vya nafaka vya pakiti

Geuza pakiti kwanza. Upande wa mbele ni tangazo: picha ya masuke, neno "asilia", rangi ya udongo inayokufanya udhani ndani kuna unga usiokobolewa. Kinachokufaa kiko nyuma, nacho ni vitu viwili: orodha ya viambato na jedwali la virutubisho. Orodha inasema chakula kimetengenezwa kwa nini, jedwali linasema kuna kiasi gani cha nini. Visome pamoja, maana kinachofichika kwenye kimoja mara nyingi hufichuka kwenye kingine.

Orodha ya viambato

Viambato hupangwa kwa uzito wake wakati wa kutengeneza, kizito kikitangulia. Ndivyo viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex Alimentarius, vinavyotaka, na nchi nyingi huvifuata. Kutokana na mpangilio huo unaweza kupiga hesabu ndogo: kiambato cha pili hakiwezi kuzidi 50% ya mchanganyiko, cha tatu 33%, cha nne 25%. Biskuti "za oti" ambazo oti imeandikwa ya nne haziwezi kuwa na oti zaidi ya robo, na kwa kawaida huwa nayo chini ya hapo sana.

Kwa mkate kuna alama nzuri zaidi, nayo ni chumvi. Chumvi ya mkate kwa kawaida ni kama 1 hadi 2% ya uzito. Chochote kilichoandikwa baada yake, iwe mbegu za alizeti, asali au oti, ni pambo tu, hata kama ndicho kilichopewa jina la mkate.

Sasa angalia nafaka yenyewe. "Unga wa ngano" bila maelezo mengine karibu kila mara ni uliokobolewa: pumba na kiini vimeondolewa, imebaki sehemu ya wanga. Unachotafuta ni maneno kama "ngano nzima" au "unga usiokobolewa", tena mwanzoni mwa orodha. "Nafaka mchanganyiko" ni neno la kuhesabu tu; zinaweza kuwa saba na zote zimekobolewa. Rangi ya kahawia nayo si ushahidi. Molasi, kimea au karameli huitoa kwa urahisi, kwa hiyo ukiziona kwenye mkate wa kahawia ambao kiambato chake cha kwanza ni "unga wa ngano", umeshajua rangi imetoka wapi.

Majina marefu kama thiamini, riboflavini, niasini na asidi ya foliki yasikutishe. Hizo ni vitamini za kundi B zilizorudishwa au kuongezwa kwenye unga, aghalabu pamoja na madini ya chuma. Zina faida, hasa asidi ya foliki kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa kuwa husaidia kuzuia kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. Lakini unga uliorutubishwa haujarudishiwa nyuzinyuzi zake.

Ujanja mkubwa uko kwenye sukari. Mtengenezaji akitumia sukari ya aina moja, inaweza kuja ya kwanza au ya pili. Akiigawa katika sukari, shira ya glukosi, dekstrosi, asali na molasi, kila moja inakuwa nyepesi na kushuka chini, na nafaka inapanda juu. Pita orodha nzima ukihesabu majina hayo, pamoja na fruktosi, maltosi, shira ya mahindi na juisi ya matunda iliyokolezwa. Ukipata matatu au zaidi, nenda kwenye jedwali, kwa sababu huko sukari zote hujumlishwa katika mstari mmoja. Maltodekstrini, yaani wanga uliovunjwavunjwa kiwandani, hukwepa mtego huo: huhesabiwa kwenye wanga, si kwenye sukari, ingawa mwili huivunja kuwa glukosi upesi. Zabibu kavu ni kinyume chake. Huongeza sukari kwenye jedwali bila sukari kutajwa kwenye orodha.

Jedwali la virutubisho

Soma safu ya gramu 100. Safu ya "kipimo kimoja" huchaguliwa na mtengenezaji au hufuata kanuni za nchi, na mara nyingi haifanani na unachokula. Chukua nafaka za kifungua kinywa zenye gramu 8.4 za sukari kwa kipimo cha gramu 30. Gawanya kwa 30, zidisha kwa 100, unapata gramu 28 kwa kila 100. Zaidi ya robo ya pakiti ni sukari. Sasa mimina bakuli lako la kawaida kwenye mizani. Likiwa gramu 60, umekula gramu 16.8 za sukari, ambazo ni kama vijiko vinne vya chai, kwa kuwa kijiko kimoja ni takriban gramu 4. Jihadhari pia na safu inayosema "pamoja na maziwa". Protini na kalisi nyingi unazoziona hapo ni za maziwa.

Kama huna mahali pa kuanzia, mipaka inayotumika Uingereza kwa alama za rangi ni rahisi kukumbuka. Kwa kila gramu 100, sukari isiyozidi gramu 5 ni kidogo, na ikipita 22.5 ni nyingi. Chumvi isiyozidi gramu 0.3 ni kidogo, ikipita 1.5 ni nyingi. Biskuti nyingi tamu huvuka mpaka wa juu wa sukari, kwa hiyo ukitafuta biskuti "nzuri" lengo lako ni kulinganisha pakiti mbili, si kupata malaika.

Nyuzinyuzi: gramu 3 kwa 100 zinatosha kuita chakula "chanzo cha nyuzinyuzi", na gramu 6 kukiita "chenye nyuzinyuzi nyingi". Kipimo kizuri cha haraka ni kugawanya wanga kwa nyuzinyuzi. Jibu likiwa 10 au chini, kuna uwezekano mzuri kwamba nafaka nzima imo kwa wingi. Mkate wenye wanga gramu 45 na nyuzinyuzi 3 unatoa 15. Wenye 41 na 7 unatoa karibu 6. Kipimo hiki hudanganyika pale inulini inapoongezwa, ambayo ni nyuzinyuzi iliyochujwa, mara nyingi kutoka mzizi wa chikori. Ndiyo maana jibu la hesabu lirudishwe kwenye orodha kila mara.

Kuna kosa moja hapa linalowapata hata wazoefu. Lebo za Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga, za Ulaya huziweka nje. Ukiona nyuzinyuzi zimesogezwa ndani chini ya mstari wa wanga, zitoe kwanza kabla ya kulinganisha na pakiti ya Ulaya.

Chumvi: baadhi ya lebo huandika sodiamu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 600 za sodiamu ni gramu 1.5 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Kwa tambi za papo hapo, hakikisha takwimu ni za tambi kavu au zilizokwisha kupikwa. Maji yakiongezwa, kila namba kwa gramu 100 hushuka bila chochote kupungua. Chumvi nyingi iko kwenye kipakiti cha viungo. Tumia nusu yake na utaona tofauti.

Mafuta: kwenye orodha, maneno "mafuta yaliyohidrojenishwa kiasi" ni dalili ya mafuta ya transi, aina ya mafuta yenye madhara kwa moyo. Usiamini sifuri ya jedwali peke yake, maana kanuni za Marekani huruhusu kuandika 0 kama kipimo kimoja kina chini ya gramu 0.5.

Gluteni na namba za viongezwa

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano na baadhi ya nafaka nyingine. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huudhuru utumbo wake, atafute maneno "haina gluteni", ambayo kwa viwango vya Codex ni chini ya au sawa na miligramu 20 kwa kilo. "Haina ngano" haitoshi, kwa sababu shayiri, rai (nafaka jamii ya ngano) na kimea vina gluteni. Semolina, kuskus na bulguri ni ngano kwa majina mengine. Oti huchanganyikana na ngano shambani na kiwandani, kwa hiyo nayo inahitaji maneno hayohayo.

Kwenye orodha ya viambato, viongezwa huweza kuandikwa kwa namba. Namba 282 huzuia ukungu kwenye mkate, 471 huulainisha, 300 ni vitamini C inayoimarisha kinyunga, na 500 ni magadi, ambayo huongeza sodiamu hata pale chumvi haikutajwa. Ya kuikwepa ni 924, bromati ya potasiamu, iliyopigwa marufuku Umoja wa Ulaya, Uingereza na Kanada.

Tarehe ya mwisho hudumu tu pakiti ikiwa imefungwa. Unga wa nafaka nzima una mafuta ya kiini, ambayo huharibika mapema kuliko ya unga uliokobolewa. Ukishaufungua, uhifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, ikiwezekana kwenye friji, na uunuse kabla ya kuutumia. Harufu ya rangi ya ukutani au ladha ya uchungu maana yake mafuta yameshaoza.