Kutambua mchunga na wenzake: maua ya njano ya kando ya njia Morogoro

Juzi mpwa wangu alinitumia picha nne za maua ya njano kutoka Kihonda, akiamini yote ni mchunga, ile mboga chungu ya mwituni. Ni mbili tu zilizokuwa mchunga kweli. Tulitoka naye, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Beba kisu kigumu, gazeti kuukuu na kioo cha kukuzia mara 10. Programu za simu siziamini kabisa kwa mimea hii, maana picha tunazozipa mara nyingi ni za ua tu, na maua yake yanafanana mno.

1. Nenda asubuhi. Kufikia saa sita mchana mengi yameshafumba.

2. Kata jani. Ukiona utomvu mweupe, endelea. Usipotoka, achana nalo, wala usilipike: yamo maua ya njano ya jenasi ya Senecio, hayana maziwa na sumu yake huharibu ini. Utomvu wa njano na majani ya miiba ni Argemone mexicana, nayo ni sumu.

3. Tazama ua kwa kioo. Vipande vyote ni ndimi bapa mpaka katikati, na ncha ya kila ulimi ina vijino vitano.

4. Chimba mzizi. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima mwaka wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nang'oa kwa mkono. Shina linakatika, unabaki na kipande kisichokuambia lolote. Subiri mvua inyeshe, kisha chimba kuzunguka shina, kina cha kiganja au zaidi. Mchunga wa kwetu, Launaea cornuta, una mzizi mweupe unaotambaa chini kwa chini kutoka mche mmoja hadi mwingine. Kumbe miche kumi uliyoihesabu ni mmoja. Sonchus, jenasi ya jamaa zake ambao watu wengi nao huuita mchunga, una mzizi mkuu mmoja ulioshuka wima. Lakini kwenye changarawe mzizi hupinda ukakudanganya, kwa hiyo chimba mimea mitatu.

Usitegemee "masikio" ya jani yanayokumbatia shina ili kutenga hizo mbili, kwani majani ya juu ya mchunga nayo huwa nayo. Masikio yanafaa ukishajua ni Sonchus: yakiwa na ncha kali ni S. oleraceus; yakiwa ya mviringo, na jani linachoma, ni S. asper. Ukiwa bado na shaka, chukua mbegu iliyokomaa. Ya oleraceus ina mikunjo midogo ya kukatiza, ya asper ni laini katikati ya mistari yake.

5. Ua likiwa moja tu juu ya bua tupu lenye uwazi ndani, lisilo na jani hata moja, hiyo ni Taraxacum, jenasi nyingine ya jamaa hao wenye maziwa. Mchunga na Sonchus hutoa matawi.

6. Bana mmea kwenye gazeti ukauke, badilisha karatasi kila siku. Andika rangi ya ua palepale, kwa sababu huendelea kukomaa humo ndani, na kesho kutwa utakuta manyoya meupe.