Kusali na mashine mkononi

Mwaka 1535 kinyozi mmoja wa Wittenberg, Ujerumani, Peter Beskendorf, alimwomba Martin Luther amfundishe kusali. Luther alikuwa rafiki yake, tena daktari wa theolojia, lakini hakumjibu kwa maneno ya chuoni. Alimwandikia jinsi yeye mwenyewe anavyosali, hatua kwa hatua, na humo ndani akatia mfano wa saluni: kinyozi mzuri macho na mawazo yake yako kwenye wembe na nywele, akiropoka na kutazama huku na huku, atamkata mtu mdomo au pua, hata koo. Sala nayo inataka umakini huohuo.

Mimi ni kinyozi. Nanyoa Mutukula, upande wa Uganda, mwaka wa kumi na tisa huu, ingawa kipaimara nilikipata ng'ambo, Kagera, Tanzania, kwa mwinjilisti aliyetukaririsha Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha Luther cha mafundisho ya imani, mpaka tukawa tunaiota. Wateja wangu wengi ni Wakatoliki, Waanglikana na Walokole. Wakinikuta nasali kabla ya kuwasha mashine huuliza: ninyi Walutheri mnafanyaje? Basi nafanya hivi.

Anza asubuhi kabla hujashika simu. Simama au piga magoti, fanya ishara ya msalaba, sema kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. (Ndiyo, ishara ya msalaba. Jirani yangu mkaanga chapati alidhani nimehamia Roma. Nikamwonyesha kwamba imo katika Katekisimo, kitabu cha mwaka 1529, aliyeagiza ni Luther mwenyewe.) Kisha Imani ya Mitume, kisha Baba Yetu, na ukitaka ongeza ile sala fupi ya asubuhi iliyomo humo. Dakika tano. Ukimaliza, Katekisimo inakutuma kazini kwa furaha, ukiimba. Haikuambii ukae chumbani mpaka ujisikie mtakatifu.

Nikinawa uso kwenye beseni huwa nakumbuka kwamba nilibatizwa. Tulifundishwa kwamba ubatizo una kazi kila siku: mtu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kwa toba, na mtu mpya atoke. Huyo wangu wa kale hafi kwa mkupuo mmoja. Namzamisha saa kumi na mbili, nikifika kibandani namkuta ameshakaa kwenye kiti cha wateja.

Sasa lile alilofundishwa Peter. Chukua amri moja, au mstari mmoja wa Baba Yetu, usichukue yote. Usokote shada la nyuzi nne. Uzi wa kwanza, Mungu ananifundisha nini hapa? Wa pili, namshukuru kwa lipi? Wa tatu, naungama nini? Wa nne, naomba nini? Mke wangu ni msusi, na alielewa mara moja: ukiruka uzi mmoja, mtindo unafumuka.

Nikupe mfano wangu, ingawa si wa kujivunia. Amri ya saba, usiibe. Mwanglikana atakuambia hiyo ni ya nane. Msibishane, sisi na Wakatoliki tuna hesabu yetu, wao wana yao, amri ni zilezile kumi.

Uzi wa kwanza. Katekisimo inauliza maana yake nini, na inajibu kwamba tumche Mungu na kumpenda, tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala tusiipate kwa bidhaa mbovu au kwa hila, bali tumsaidie kuitunza mali yake na kuikuza. Mimi sijawahi kuvunja kibanda cha mtu. Amri hii nilikuwa nikiipita mbio, kama mtu anayepita kituo cha polisi akijua hana kesi.

Uzi wa pili ulikuwa rahisi: mashine mbili, kiti kinachozunguka, miguu ya watu wanaovuka mpaka, malori ya foleni ya forodha yenye madereva wasio na la kufanya ila kunyolewa.

Uzi wa tatu ndio ulionikaba. Bei yangu ni elfu tano. Lakini hapa mpakani ukisema elfu tano, lazima useme ya nani, kwa sababu shilingi ya Tanzania ina nguvu kuliko ya Uganda. Elfu tano ya Tanzania inazidi ya Uganda kwa karibu elfu mbili za huku. Mteja wa ng'ambo akisikia bei anatoa noti ya kwao. Mimi nilikuwa nanyamaza. Sikusema uongo hata neno moja. Nilipokea, nikasema asante ssebo, karibu tena. Miaka mingi hivyo. Asubuhi moja nikiwa nimesimama na wembe mpya mkononi, nikilirudia lile neno "kwa hila", nikaona noti zile zote zimejipanga mbele yangu.

Tulia hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea njia. Hiyo ni kazi ya Sheria: inakuonyesha ulivyo, na inaishia hapo. Ukiachwa nayo peke yake utafanya moja kati ya mawili, ujitetee au ukate tamaa. Au utaanza biashara na Mungu: nitafunga siku tatu, nitatoa sadaka nono, ndipo anitazame tena. Acha biashara hiyo. Injili ni tangazo, haina bei ya kupatana: Kristo ameibeba dhambi hiyo, umesamehewa bure kwa ajili yake, na imani ni kulipokea tangazo hilo tu. Ukiweza kumpata mchungaji, ungama kwake usikie msamaha kwa masikio yako. Katekisimo ina sehemu ya jambo hilo, si ya Wakatoliki peke yao. Mimi nilivuka mpaka Jumapili ile nikafanya hivyo.

Halafu nikarudi nikalipa. Kwa mpangilio huo, usiugeuze. Sikulipa ili nisamehewe. Kwa Mungu sikuwa nadaiwa tena, ila watu wa Bukoba walikuwa bado wananidai. Ombi la uzi wa nne lilikuwa fupi: Bwana, nipe ulimi. Nikaandika kwenye kipande cha boksi, UG 5,000, TZ 3,500, nikakitundika juu ya kioo. Wale ninaowajua niliwanyoa bure zamu moja au mbili. Dereva mmoja wa lori akacheka: "Mzee, kwani nilikuwa sijui? Nilidhani ndiyo bei ya wageni." Afadhali angenitukana.

Siku nyingine ni nyepesi zaidi. Usiue: Katekisimo inasema tusimdhuru jirani mwilini bali tumsaidie katika kila haja ya mwili. Kwa kinyozi amri hiyo inaanzia kwenye chupa ya spiriti. Futa meno ya mashine baada ya kila kichwa, hata kama foleni imefika barabarani, na wembe ukishatumika utupe. Mtoto mwenye mapunye asiondoke amewaachia wenzake.

Usimshuhudie jirani yako uongo ndiyo ngumu kuliko zote kibandani kwangu, maana saluni bila umbea ni kama haina paa. Tunaagizwa tumtetee jirani, tumsemee mema, na jambo lake tulichukulie kwa upande ulio mwema. Mteja akianza kumchambua mtu asiyekuwepo, naizima mashine. Ukimya ule unamshtua. Nasema jema moja ninalolijua juu ya yule anayesemwa, lazima liwe la kweli, kisha nawasha tena. Mara nyingi mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Na usidhani kazi inakuwa ya Mungu kwa sababu umefungulia nyimbo za injili au umebandika mstari wa Biblia kwenye kioo. Bandika ukipenda. Lakini mtu anayekwenda kuoa anataka ndevu zilizochongwa sawa, na kwa mikono yako Mungu anampa hizo. Huo ndio wito wako, kama mchungaji alivyo na wake, wala wake hauko juu ya wako mbele za Mungu. Niliwahi kutaka kufunga kibanda niwe mhubiri, nikidhani huko ndiko kuliko na utumishi wa kweli. Vichwa vya watu ningemwachia nani?

Utashindwa siku nyingi. Luther alimwonya Peter kuhusu sauti inayosema subiri kidogo, nitasali saa moja baadaye, nimalizie hili kwanza. Sauti hiyo inajua Kihaya, Kiganda na Kiswahili. Na ujue mwisho wa Peter mwenyewe: mwaka uleule, siku za Pasaka, alimchoma kisu mkwewe, mume wa binti yake, nyumbani, na mkwe huyo akafa. Luther alikuwa kati ya waliomwombea kwa wakubwa, na adhabu ikawa kufukuzwa mjini. Sifichi habari hiyo kwa wanaoniuliza. Aliyeandikiwa kitabu cha sala alikuwa mwenye dhambi, na rafiki yake hakumkana.

Jioni haina mengi. Msalaba, Imani, Baba Yetu, sala ya jioni, kisha Katekisimo inakuambia ulale mara moja, tena kwa moyo mkunjufu. Mimi kabla ya hapo nahesabu noti, za Uganda huku, za Tanzania kwenye kopo. Yuko mama mmoja wa Bunazi aliyeniletea wanawe watatu Krismasi iliyopita, akatoa noti tatu za elfu tano za kwao. Sijamwona tangu boksi litundikwe. Chenji yake, elfu nne na mia tano, imo kwenye kopo ndani ya bahasha, na mke wangu anajua isiguswe mpaka Desemba.